Wenye nyimbo hawana vyombo: Kwa nini bendi hazidumu chini ya Kilimanjaro

KATIKA muziki wa Tanzania jina la Mlima Kilimanjaro limetumika karibu kila mahali, isipokuwa pale ulipo mlima wenyewe.

Tuzo za muziki zilizoanza mwaka 1999 na kuendelea hadi mwaka 2015 zilijulikana nchi nzima kwa jina la Tuzo za Kili, kutokana na bia iliyozidhamini. Kilimanjaro Band, ambayo mashabiki wake huiita Wana Njenje, ilijizolea sifa Dar es Salaam na nje ya nchi, lakini chimbuko lake ni Tanga. Hata "Moshi" anayefahamika zaidi na wapenzi wa dansi si mji, bali ni TX Moshi William, mwimbaji wa Msondo Ngoma aliyefariki dunia mwaka 2006.

Mkazi wa Majengo au Pasua akiombwa ataje bendi tatu za mjini kwake zilizoanza katika muongo mmoja na kuumaliza muongo uliofuata zikiwa hai, huenda akafikiri kwa muda mrefu. Akiulizwa kuhusu bendi za Dar es Salaam, hatahitaji kufikiri.

Jambo hili huzua ubishi kila zinapokutana rika mbili. Wenye umri mkubwa hushikilia kwamba muziki ulikufa siku vijana walipoacha gitaa na kuanza kuimba juu ya midundo ya kompyuta. Vijana nao hujibu kwamba bendi zilijimaliza zenyewe, kwa kurudia nyimbo zilezile mbele ya watu walewale hadi watu hao walipozeeka na kubaki nyumbani.

Pande zote mbili zinazungumzia ladha. Hata hivyo, historia ya muziki wa kaskazini inaonyesha kwamba ladha si chanzo kikuu cha bendi kuinuka au kuzama. Swali lenye uzito zaidi ni nani alikuwa na vyombo, na vililala wapi baada ya onyesho.

Bendi ya dansi ni mradi wa gharama. Inahitaji magitaa ya solo, ridhimu na besi, ngoma, tumba, vipaza sauti na spika, na ikiwa na uwezo huongeza tarumbeta na saksafoni. Ni wanamuziki wachache sana wa Kitanzania walioweza kununua vitu hivyo kwa fedha zao. Ndiyo maana tangu zamani mwenye vyombo ndiye amekuwa mwenye bendi, hata kama hajui kupiga hata kengele. Super Matimila, bendi iliyompa marehemu Remmy Ongala jina kubwa, iliitwa kwa jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Remmy alitunga na kuimba, akazunguka Ulaya, na jina la bendi likabaki la mwenye vyombo.

Gitaa moja na dada wawili

Msanii wa kwanza kutoka miteremko ya Kilimanjaro kusikika Afrika Mashariki nzima hakuhitaji shehena hiyo. Frank Humplick, mzaliwa wa Moshi mwaka 1927, mtoto wa baba mwenye asili ya Austria na mama Mchaga, alipiga gitaa na kuimba pamoja na dada zake, Thecla na Maria Regina. Santuri zao za miaka ya 1950 ziliuzwa kwa jina la Frank na dada zake, na wimbo "Chaupele Mpenzi" ungali unakumbukwa na wazee wengi.

Gitaa lilikuwa lake na waimbaji walikuwa ndugu zake. Hakuwapo mwajiri wa kumwambia aimbe nini, na ushahidi wake ni wimbo "Yes No", uliogusa masuala ya siasa wakati ambapo Kenya ilikuwa katika vuguvugu la Mau Mau. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku huko na kuzisaka santuri zake. Ni shida kufikiria wimbo kama huo ukitoka katika bendi ambayo vyombo vyake vinatunzwa katika stoo ya serikali.

Ikumbukwe pia kwamba Moshi ya enzi hizo haikuwa mji wa kimaskini. Chama Kikuu cha Ushirika cha Wachaga, KNCU, kilichosajiliwa mwaka 1933, kilikuwa kimeifanya kahawa ya vihamba kuwa fedha taslimu mikononi mwa maelfu ya familia. Wanunuzi wa santuri walikuwapo, na gramafoni hazikuwa ngeni katika nyumba za mlimani.

Lakini mtindo wa Frank ulikuwa wa familia, na familia hukua na kutawanyika. Yeye mwenyewe aliishia Lushoto, alikoishi miaka mingi hadi alipofariki dunia mwaka 2007. Uhuru huo wa gitaa moja haukuacha bendi nyuma yake. Ziliachwa nyimbo, nazo zimekuwa zikitolewa upya na wapenzi wa muziki wa zamani walio ughaibuni, mbali sana na Moshi.

Ndugu waliovuka mpaka

Mfano wa pili ni wa majirani wa Moshi, na ndio unaoumiza zaidi. Mwaka 1970 ndugu wa familia ya Kinyonga, Wilson Peter, William na George, waliondoka katika bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga na kuhamia Arusha. Huko waliunda Arusha Jazz. Kwa kipindi kifupi kaskazini mwa Tanzania palikuwa na kundi ambalo lingeweza kuwa bendi kubwa ya ukanda mzima.

Mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, na baadaye Nairobi, ambako bendi ilikuja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga na kuunda Les Wanyika, waliotoa "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo hupigwa katika harusi za Kilimanjaro kana kwamba ulitungwa Rombo.

Kwa nini waliondoka? Jibu lipo kwenye ramani. Kutoka Arusha au Moshi, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Nairobi kulikuwa na studio za kampuni binafsi, kulikuwa na viwanda vya kufyatua santuri, na kulikuwa na maduka ya kuziuza. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Mahali pakuu pa kurekodi palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wimbo ulirekodiwa ili upigwe redioni, si ili uuzwe dukani. Kwa bendi isiyo na mwajiri, wimbo unaopendwa na nchi nzima bila kuuzwa hauwezi kununua hata nyuzi za gitaa.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa miaka sita wanamuziki wa Moshi na Arusha waliobaki nyumbani walikatiwa njia ya sokoni, na wenzao waliokwishavuka waliendelea kuishi na kurekodi huko huko. Wanaodai kwamba bendi za kaskazini zilikosa vipaji katika miaka ya 1970 na 1980 husahau kabisa kituo cha Holili na lango la Namanga. George Peter alifariki mwaka 1992 na Wilson Peter mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Mshahara una bei yake

Wakati huohuo, Dar es Salaam palikuwa na utaratibu mwingine. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilihamia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala.

Bendi hizi ndizo zilizovuka miongo. Msondo na Mlimani Park zilikuwa bado zinapanda jukwaani katika miaka ya 2010, ingawa waanzilishi wengi walikuwa wameondoka duniani. Muhidini Maalim Gurumo, aliyekuwapo NUTA tangu 1964, alistaafu mwaka 2013 na kufariki mwaka uliofuata. Haiwezekani kusema kwamba nyimbo zao zilikuwa bora kwa kiasi hicho kuliko za wengine. Kilichowavusha ni kwamba mpiga solo alipohama, gitaa lilibaki. Aliyeajiriwa badala yake alilikuta ukutani.

Hama-hama hiyo ilikuwa kubwa. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwachukua kwa mkupuo wanamuziki kadhaa muhimu wa Mlimani Park, akiwamo Gurumo. Mashabiki walidhani Mlimani Park imekwisha. Haikwisha.

Hata hivyo, mshahara huo ulikuwa na bei yake. Bendi za mashirika zilitakiwa kuimba sera, kusifu viongozi na kusindikiza sherehe za kitaifa. Nyimbo nyingi za mapenzi na za maisha zilizotungwa humo ni hazina, lakini "Yes No" haikutoka humo. Anayetamani mfumo ule urudi kama ulivyokuwa anapaswa kukumbuka pia upande huo.

Zanzibar ilipata njia ya tatu, ambayo Bara haikuitilia maanani vya kutosha. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, ni chama cha wanachama. Vyombo si vya serikali wala vya tajiri mmoja. Ni mali ya chama, na kila kizazi hukabidhi kwa kingine. Serikali zimebadilika visiwani, mapinduzi yametokea, ala zimerithiwa.

Kundi lisilohitaji stoo

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango ya redio binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, nyingine zikafuata, na studio ndogo za binafsi zikachipuka Dar es Salaam. Kijana mwenye daftari la mashairi na nauli ya basi aliweza kurekodi bila kumiliki chombo chochote. Hapo ndipo kaskazini ilipopata sauti upya.

X Plastaz walianza Arusha mwaka 1996. Walichanganya ufokaji wa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai wa Yamat ole Meipuko, na albamu yao "Maasai Hip Hop" ya mwaka 2004 iliwafikisha majukwaa ya Ulaya. Walifuatiwa na Nako 2 Nako, na baadaye Weusi, kundi la akina Joh Makini, Nikki wa Pili na G Nako, ambao walijisimamia wenyewe kama kampuni badala ya kusubiri tajiri. Kwa maana hiyo Weusi ni watoto wa Frank Humplick kuliko walivyo wa NUTA.

Lakini kundi lisilo na vyombo lina udhaifu wake. Uhai wake umo katika mwili wa msanii mmoja mmoja. Faza Nelly wa X Plastaz alipouawa Arusha mwaka 2006, hapakuwa na stoo wala utaratibu wa kumpokea mwingine. Nikki wa Pili alipoteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021, aliondoka jukwaani na sehemu ya sauti ya kundi. Katika bendi ya zamani nafasi yake ingetangazwa, na Jumamosi inayofuata angesikika mwingine.

Fauka ya hayo, Moshi haikufaidika na wimbi hilo kwa kiwango cha Arusha. Sababu mojawapo ni aina ya wageni wake. Mtalii anayeshukia Mombasa au Zanzibar hukaa hoteli moja kwa siku kadhaa, naye usiku hutaka burudani. Ndivyo Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison, walivyoishi kwa kupiga hotelini pwani ya Kenya hadi wakatoa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Mtalii wa Kilimanjaro hufika Moshi jioni, hulala mapema kwa sababu kesho anapanda, hukaa mlimani siku tano hadi nane, hurudi akiwa hoi, na kesho yake huondoka. Usiku wake mwingi hutumika kwenye hema, si kwenye ukumbi wa muziki.

Matokeo yake ni kichekesho kidogo. Wimbo unaoimbwa kuliko mwingine wowote kwenye malango ya Marangu na Mweka, wakati wapagazi wanapowapongeza wageni walioshuka, ni huohuo wa bendi ya pwani ya Kenya, ukiwa umepachikwa jina la Kilimanjaro. Wapagazi huuimba kwa makofi na sauti tupu. Hawana vyombo.

Desemba na gari la matarumbeta

Je, hakuna bendi inayodumu Moshi? Zipo, ila hazitajwi katika ubishi wa vijiweni.

Ya kwanza ni bendi ya tarumbeta ya usharika, urithi wa wamisionari wa Kijerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na upigaji wa ala za shaba ukaota mizizi katika sharika za Kilutheri. Tarumbeta ni mali ya usharika. Mzee akichoka, kijana aliyetoka kipaimara hufundishwa. Huo ndio utaratibu wa Ikhwani Safaa, katika dini nyingine na mlima mwingine. Kwaya nazo huishi hivyo hivyo.

Ya pili ni mtoto wa hiyo ya kwanza: kikundi cha matarumbeta ya kukodi, kinachopanda nyuma ya pikapu na kuongoza msafara wa harusi kupitia katikati ya mji. Hapa ndipo palipo na bendi inayoinuka. Ina vyombo vyake, haihitaji ukumbi wala umeme, na hulipwa na kamati ya harusi. Hata msako wa kelele wa mwaka 2023, ambapo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilizifungia baa kadhaa nchini, haukuigusa biashara yake kama ulivyogusa kumbi za usiku.

Mwezi wake mkuu ni Desemba, wakati Wachaga wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, na sherehe za harusi na kipaimara hufuatana kutoka Kibosho hadi Rombo. Fedha inayotumika kwa burudani katika wiki hizo si ndogo. Tatizo ni kwamba Januari mji hupungua tena, na bendi inayotegemea kiingilio cha ukumbini haiwezi kulipa mishahara ya miezi kumi na mmoja kwa mapato ya mmoja. Kahawa ilipokuwa na bei, angalau kulikuwa na msimu wa pili wa fedha. Anguko la bei mwanzoni mwa miaka ya 2000 liliupunguza nguvu msimu huo.

Lakini matarumbeta ya pikapu hayatungi. Hupiga nyimbo za kanisani na vibao vya wengine, kwa kuwa kamati ya harusi hailipii wimbo isioujua. Hapo ndipo ulipo mkwamo wa Moshi wa leo. Walio na vyombo hawana nyimbo zao. Walio na nyimbo, vijana wa studio za Majengo na Soweto, hawana vyombo, na wakialikwa kupiga muziki wa moja kwa moja hulazimika kuimba juu ya kanda iliyorekodiwa.

Halmashauri hugawa mikopo kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kutokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani. Vikundi vingi huombea bodaboda, kuku na cherehani. Hakuna sababu kubwa ya kikundi cha muziki kushindwa kuombea seti moja ya vyombo, ili mradi seti hiyo iandikwe kwa jina la kikundi na si la mwenyekiti. Swali gumu si la mkopo, ni la marejesho: mwezi wa Februari, nani Moshi atalipa kiingilio kumsikiliza kijana anayeimba wimbo wake mwenyewe?

Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi mji hujaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, mashindano yanayofanyika tangu mwaka 2003. Ni msimu wa pili wa wageni ambao tayari upo kwenye kalenda, miezi miwili tu baada ya Krismasi. Wakimbiaji hao, tofauti na wapandaji, hulala mjini.